Balozi Asiyetulia Kitini

Tangu aache kuchapisha gazeti lake akateuliwa kuwa balozi, hatulii kitini. Chai huinywa amesimama. Akiingia ofisini mwa mtu, macho yake husoma karatasi za mwenyeji kichwa chini miguu juu. Na vidole huvifuta kwenye suruali, ingawa wino ulikwisha kumtoka zamani. Mkewe ameshazoea.

Jana, walipokuwa wakitoka kwenye tafrija, mwandishi wa habari, binti mdogo tu, aliwawahi mlangoni. "Mheshimiwa, ni kweli nchi yenu itafunga mpaka?"

"Sina taarifa hiyo," akajibu, kwa ile sauti laini ya kibalozi. Binti akashukuru, akafunga daftari. Balozi akabaki akihamisha uzito mguu huu na huu, kama aliyebanwa na haja.

"Baba watoto, gari linangoja," mkewe akamvuta mkono.

Akapiga hatua mbili, akageuka. "Mwanangu, swali haliulizwi hivyo. Ukiniuliza kama ni kweli, nitakana tu. Niulize lini."

Binti akafungua daftari polepole. "Lini, Mheshimiwa?"

Balozi akatabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana. Garini akakaa ametulia kama maji mtungini, na njia nzima mkewe akawa anawaza aanze kufungasha sanduku lipi kabla hawajaitwa warudi nyumbani.