Shina Moja, Mtoto Mmoja

Nilipoolewa na Sanga kule Tezo, nyuma ya nyumba yetu hapakuwa na kitu ila changarawe na magugu. Bafu letu lilikuwa kiwambo cha makuti, na maji yalitiririka kutoka pale yakapotea bure. Nikapanda mgomba mmoja wa kisukari mahali yanapotuama. Ulipozaa nikang'oa watoto wake nikapanda mbele kidogo, na maji ya vyombo nikayapeleka huko pia. Ndivyo lilivyoanza shamba ambalo leo watu wanaliita la Kombe.

Kombe ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Hajawahi kumwagia mgomba hata kata moja ya maji.

Kazi ya migomba nilifundishwa na mama mkwe wangu, na yeye hakuwa mtu wa kusifu. Aliniambia kila shina libaki na mama mwenye mkungu, mtoto wake mmoja aliyekua, na mdogo mmoja anayefuata. Wengine wote wafe. Nikate chipukizi sawa na udongo, kisha nichome moyo wake kwa mtalimbo nikiuzungusha, la sivyo baada ya wiki ameinuka tena. Anayebaki awe yule mwembamba, majani yake kama panga. Mwenye majani mapana anapendeza macho tu, mizizi yake ni dhaifu.

Majirani walinicheka. Hannah, ambaye ua wake umepakana na wetu, aliona ni dhambi kukata kitu kinachokua, akaacha machipukizi yote mpaka mtu hapiti katikati. Ndizi zake zilikuwa kama vidole vya mtoto. Mikungu yangu nilikuwa naiegemezea miti isianguke. Sanga alikuwa akiwaleta wageni nyuma ya nyumba waione, na mimi nikijifanya nina kazi jikoni.

Sanga alipofariki, Kombe alitaka kunirithi. Nilikataa. Ana mke wake Janet, na mimi nilimzika mume, sikuzika akili. Hakunigombeza. Alingoja mpaka matanga yakaisha, kisha akawaita wazee akawaambia kwamba ardhi ni ya baba yao, na mwanamke aliyekataa mkono wa ukoo hana sababu ya kukaa juu yake.

Wazee walipokuja sikuogopa sana. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na mnazi wake katika shamba la mwenziwe na hakuna anayeugusa. Wakapita wakitaja miti na aliyeipanda. Minazi yote ilikuwa ya baba mkwe, hilo nilikubali. Tulipofika kwenye migomba nikasema hii ni yangu, hakuna mkono mwingine ulioipanda.

Mzee Mwaringa, aliyekuwa mkubwa wao, akatabasamu.

"Mama Purity, mgomba si mti. Ukizaa mara moja umekufa. Tutahesabuje kitu cha kufa?"

"Haufi, mzee. Unaacha mtoto."

"Haya, basi chukua watoto. Mama zao wabaki na ardhi."

Wote waliona amesema neno la haki. Kombe akakubali haraka, akasema niondoke na watoto wote, mtu asije akasema amemnyima mjane wa ndugu yake.

Tukaingia shambani kuwatazama hao watoto. Kila shina lilikuwa vile nilivyofundishwa. Kombe akaonyesha wale waliokua, akasema hawa si watoto tena, hawa ni mama wa mwakani. Nikasema basi nipeni wadogo. Mzee Mwaringa akatikisa kichwa.

"Si wewe uliyesema mgomba haufi kwa sababu unaacha mtoto? Ukimng'oa huyu wa mwisho, umeua mgomba wa Kombe."

Nikawaeleza kwamba shina likiwa zima litachipua tena. Hawakunisikia. Janet akanyoosha kidole kwenye lundo la machipukizi niliyoyakata, yamekauka.

"Wako wale pale, Mama Purity. Chagua."

Wanawake waliokuja kutazama wakacheka, na Hannah alikuwa mmoja wao. Nikatazama kule kwake kupitia ua. Kama ningekuwa mvivu kama yeye, siku ile ningejaza mkokoteni.

Niliomba jambo moja, nikae mpaka mvua ya masika, na watoto watakaoota mpaka hapo wawe wangu. Wakakubali kwa sababu halikuwagharimu kitu. Nikaweka mtalimbo chini ya kitanda. Kila asubuhi nilitoka na kuyaona machipukizi yakitoboa udongo, mkono unaniwasha, nikarudi ndani. Mashina yakasongamana. Mikungu ikapungua, mmoja ukatoka na vichana viwili tu, nikalia kama niliyefiwa upya. Kombe alikuwa akipita akifurahi, anamwambia mkewe kwamba shamba sasa linajaa.

Mvua iliponyesha alikuja kusimamia. Alisema hawezi kuniachia wote, kwa kuwa wamekuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Akachagua vile anavyochagua mtu asiyejua: wenye majani mapana akajiwekea yeye, wembamba akanirushia mimi. Nikawaokota mmoja mmoja. Katika miaka yangu yote kwenye ukoo ule, hiyo ndiyo zawadi pekee niliyopewa, na aliyenipa hakujua anatoa.

Sasa mimi na binti yangu Purity tuko kwa kaka yangu, njia ya Marafa. Maji tunateka mbali, lakini migomba imeshika. Mgomba wa kwanza ulipotoa mkungu, Vivian, mke wa kaka, alikuja akasimama karibu nami.

"Wifi, hii migomba tuseme ni ya nani?"

Aliuliza kwa upole, hata mkono aliniwekea begani. Nilimwambia ni ya nyumba yote, achume atakapo. Akashukuru akaenda zake.

Watu wa huku wanasema huyu mama aliyekuja na migomba yake hajui kuitunza. Kila shina limezungukwa na watoto, wanene kwa wembamba, na mikungu yenyewe midogo. Wanayosema nayasikia nikipita kwenda kuteka maji. Jirani mmoja alijitolea kuja na panga anipunguzie, nikamwambia asiguse hata mmoja. Siku nitakayoambiwa niondoke, nitakuwa na cha kubeba.