Baba Yangu na Mitego Minne ya Kilnamara

Baba yangu alikuwa na miaka thelathini na moja kaburini siku aliposhtakiwa kwa kufukia mashimo.

Mashimo manne. Mchana kweupe. Bila idhini ya kamati.

Wadau, kaeni vizuri.

Kwanza nikiri. Mimi Malachy Geraghty ni muongo, na Kilnamara nzima inajua. Nimekata majani ya uwanja wetu wa gofu miaka arobaini, na katika miaka hiyo nimewaambia watalii kwamba bonde la shimo la bendera namba sita lilichimbwa na fahali wa padri aliyekuwa anatafuta mke. Wamarekani walipiga picha.

Ila hili la leo ni kweli. Mtake msitake.

Mwaka 2019 klabu iliamua kuurudisha uwanja ulivyokuwa zamani. Uwanja wetu uko kwenye vilima vya mchanga, bahari upande mmoja, ng'ombe wa watu upande wa pili. Aliuchora Mskoti mmoja aitwaye Purdie mwaka 1926, kwa miguu na fimbo, akifuata mabonde yalivyolala. Baada yake kila nahodha wa klabu aliyeingia akabomoa hiki, akaongeza kile.

Basi akaletwa mtaalamu kutoka Dublin. Dada mmoja, Sorcha Hanratty, buti hadi magotini, kompyuta kwapani, maneno machache.

Mtu wa maneno machache mimi humtilia shaka papo hapo.

Wiki ya tatu akatuita klabuni, akatandaza mezani picha kubwa iliyopigwa kutoka kwenye ndege, kiangazi cha 1951.

"Tazameni namba kumi na moja," akasema. "Alama nne nyeupe, karibu na bendera. Hii ni mitego ya Purdie."

Kwa asiyecheza gofu, mtego ni lile shimo la mchanga linalochimbwa makusudi ili mtu na heshima zake aingie humo na kutukana mbele ya mkewe.

"Hapo hapajawahi kuwa na mtego," nikasema. "Majani hayo nimeyakata mimi mwenyewe."

"Picha ya 1955 haina alama hizo, Mzee Malachy. Katikati hapo kuna mtu aliifukia."

Katibu wetu, Noel Gaughan, akakohoa kile kikohozi chake cha kutaka kuonekana msomi.

"Mtunza uwanja miaka hiyo alikuwa nani?" akauliza.

Alikuwa anajua. Kijiji kizima kinajua. Alikuwa baba yangu, Thady.

Ndipo ikatajwa habari ya kibao. Kibao cha historia, kitakachosimamishwa pale wachezaji wanapoanzia, Agosti, watu wote wakiwepo. Na Noel alikuwa ameshaandika sentensi: mitego minne ya Purdie ilifukiwa bila idhini na mtunza uwanja T. Geraghty.

Baba alikufa na kitu kimoja tu: jina la mtu safi wa kazi. Hakuacha shamba wala nyumba. Sasa hata hilo jina linakwenda kupigiliwa misumari kwenye kibao, kila mtalii alisome.

Jioni ile baa haikunifaa.

"Malachy, angalia unapokanyaga," akasema Packie Durkan, rafiki yangu tangu shule. "Ukoo wenu ukiona shimo mnalifukia."

"Kunywa bia yako, Packie."

"Nafunika glasi kwanza. Usije ukaifukia."

Nikacheka na wao. Moyoni kimeumana.

Kesho yake nikaanza upelelezi. Nikamshuku Noel, maana baba yake na baba yangu walinuniana miaka tisa kwa ajili ya toroli. Nikamshuku Sorcha, nikasema huyu anatafuta sifa. Nikaishuku hata picha yenyewe. Nikaenda namba kumi na moja na fimbo ya chuma, nikachoma ardhi. Mchanga. Lakini kwetu choma popote ni mchanga, hata chini ya kitanda changu.

"Mtego wa zamani lazima uwe na ukuta," nikamkabili Sorcha. "Mapande ya udongo na nyasi, yamepangwa kama matofali. Nimechoma pale pa katikati hadi mkono umekufa ganzi. Ukuta uko wapi?"

"Huenda baba yako aliubomoa kabla ya kufukia."

Mnaona? Kila jibu linamrudia marehemu.

Nikaomba nakala ya picha. Nikaitazama hadi macho yakatoa machozi. Alama tatu zilikuwa zimenyooka pembe kama meza. Ya nne ilikuwa ndogo, imepinda kama figo. Hizo tatu zikanikera. Nani amewahi kuona mtego wa pembe nne? Ile ya nne sikuijali.

Nikaipeleka kwa mama mdogo Delia.

Huyu ni mdogo wake marehemu mama, Breege. Ana miaka tisini na moja, masikio kama ya paka. Akanikatia mkate wa magadi, akapaka siagi unene wa kidole, akachukua lenzi yake ya kusomea matangazo ya vifo.

Akatazama. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mama mdogo, unalia?"

"Nacheka, mjinga wewe. Haya ni mashuka ya mama yako."

"Mashuka?"

"Alikuwa anafulia wageni wa klabu. Jumatatu asubuhi hakukuwa na mchezo, basi tunayatandaza pale kwenye majani mafupi yapate jua, yawe meupe. Mimi nashika kona hii, yeye ile. Namba kumi na moja jua linawahi. Mashuka matatu, mawe kwenye pembe."

Nikainuka chai ikiwa nusu.

"Kaa, Malachy, sijamaliza."

Sikukaa. Mtu mwenye ushindi mkononi hakai.

Jumatatu iliyofuata Sorcha alikuwa arushe droni yake saa tatu asubuhi, kamati wakitazama kwenye skrini klabuni. Saa mbili na nusu mimi nilikuwa namba kumi na moja na mashuka matatu ya mke wangu Assumpta, yale ya wageni, ambayo hata mimi siruhusiwi kuyalalia. Nikayatandaza kwa kufuata picha, mawe kwenye pembe, nikarudi klabuni nikakaa nyuma kama mtoto wa ubatizo.

Droni ikapanda. Kumi. Kumi na moja.

Viti vikasogezwa karibu na skrini.

"Hiyo mitego imetoka wapi?" akauliza nahodha.

"Jana haikuwepo," akasema Noel, na rangi ikamtoka.

Sorcha akaweka ile picha ya zamani kando ya skrini. Mapacha. Kisha upepo ukainua pembe ya mtego mmoja na kuukunja katikati.

Akageuka taratibu, akanitazama.

"Mzee Malachy. Hayo ni mashuka."

"Kama ya 1951, dada. Ya mama yangu."

Nilidhani atakasirika. Akacheka hadi akafuta macho, kisha mbele ya wote akasema, "Nilikosea. Nilisoma nilichotaka kukisoma." Nilivyokuwa nimemshuku yule dada, aibu ikanipata kidogo. Kidogo tu.

Lakini jicho lake bado kali.

"Mashuka matatu," akasema. "Picha ina alama nne."

Na mimi, wadau, bila hata kumeza mate: "Hiyo ya nne ni foronya. Baba yangu hakugusa hata chembe moja ya mchanga wa Purdie."

Watu wakapiga meza. Noel akaahidi kuifuta ile sentensi. Packie akaninunulia bia na hakuifunika.

Nikaenda kwa mama mdogo kumpa habari njema. Akanisikiliza hadi mwisho, akinitazama juu ya miwani.

"Foronya?" akasema. "Foronya tulianika kwenye vichaka vya miiba. Ile ya nne ni mtego."

Nikaketi.

"Sasa utakaa? Juni ya 1952. Mimi nilikuwa na homa, mama yako akaenda peke yake. Upepo ukachukua shuka, naye akalikimbilia, akatumbukia. Ukuta unamfika kifuani na tumbo la miezi saba hili hapa. Hawezi kupanda. Anaita, upepo unakula sauti. Karibu saa nzima. Baba yako ndiye aliyemkuta, amekaa kwenye mchanga, amejifunika shuka, anaimba ili wewe usiogope."

"Mimi?"

"Tumboni alikuwepo nani, askofu? Alipomaliza kumfikisha nyumbani alirudi na koleo. Siku mbili shimo hakuna. Kamati aliwaambia sungura wamebomoa ukuta, na mchanga wenyewe umeshuka. Wakaamini."

Kumbe uongo wangu nao nimerithi.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza. Nikinyamaza, jina la baba limesalimika, kesi imekwisha. Lakini wiki ile kila aliyenisalimia nilimwona kama anajua. Packie akisema habari za asubuhi, namshuku. Kitunguu kwenye supu ya Assumpta kilinitazama.

Siku ya tano nikamchukua Sorcha hadi namba kumi na moja.

"Chimba hapa," nikamwambia. "Kushoto, karibu na bendera. Ilikuwa kweli. Baba alifukia mmoja."

Futi mbili chini tukaukuta ukuta, mapande meusi yamepangwa kama matofali, kazi ya Purdie mwenyewe. Baba hakuubomoa. Aliufunika tu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Nikamsimulia yote. Akachomeka koleo mchangani.

"Kwenye kibao niandike nini?"

"Andika jina lake. Na sababu."

Kibao kipo hadi leo. Kinasema mtego huu ulichorwa na Purdie 1926, ukafukiwa 1952 na Thady Geraghty, mtunza uwanja, baada ya mkewe kutumbukia humo, ukafukuliwa 2019. Noel alitaka kuongeza "bila idhini". Mke wake mwenyewe akamwambia akome.

Siku ya ufunguzi wakanipa heshima ya kupiga kwanza namba kumi na moja. Mpira ukapaa vizuri, upepo ukausukuma kushoto, ukadondoka mtegoni. Nikateremka kuufuata, mguu ukateleza, nikafika chini kwa makalio mbele ya nahodha, padri na kijiji kizima.

"Malachy, umeumia?" Packie akaita kutoka juu.

"Hapana," nikamjibu. "Mara ya kwanza ndiyo ilikuwa mbaya."

Ni mama mdogo Delia peke yake aliyecheka, pale kwenye kiti chake, leso mdomoni. Nikakaa kidogo kwenye ule mchanga. Kwa kweli upepo hausikiki mle.

Funzo langu ni dogo. Nilimshuku kila mtu isipokuwa wa kwetu, na ukweli ulikuwa kwetu, umekaa mezani na mkate, ukiniambia nikae haujamaliza. Wazee wenu wakiwa wanasimulia, malizeni chai.

Na mashuka ya wageni rudisheni kabla mke hajaamka. Mimi hilo bado nalilipia.