Kiapo Changu kwa Fahali wa Mieleka

Harufu ya petroli ikinifikia pamoja na moshi wa nyama choma, hata leo ninapohudumu kama mzee wa kanisa, narudi mnadani Bashay. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, Manyara haijawa mkoa, na vitu tulivyozoea kuvisikia kwa kusimuliwa tu vilianza kupanda milima ya Mbulu. Mtu mmoja alileta jenereta na televisheni, akafunga turubai, akatuonyesha mieleka ya Wamarekani.

Alikuwa na kanda za kampuni mbili. Kabla ya kuwasha alisimama mbele yetu na kutangaza, "Hawa na hawa ni maadui. Hawachoti maji kisima kimoja!" Sisi watoto tulimwamini, tukagawanyika. Mimi nilikuwa upande wa Fahali. Ndivyo tulivyomwita jitu moja lenye shingo nene, maana jina lake halisi lilitushinda kutamka. Binamu yangu Boay alishabikia kampuni ya pili, lakini kwa imani haba.

"Ugomvi wao ni wa kuuzia kanda," alisema tukirudi nyumbani. "Siku moja utamwona Fahali wako kwetu."

"Thubutu!"

"Utamwona. Tena atatuchemshia chai."

Hasira ikanipanda. "Haki ya Mungu," nikasema, "Fahali akihamia kwenu, mama yangu asijifungue salama."

Boay alisimama ghafla. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwetu neno la namna hiyo haliachwi lipite kama upepo. Wazee walituonya kwamba ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa.

Mnadani juma lililofuata iliwashwa kanda ya kampuni ya Boay. Muziki ukapigwa, pazia likafunguka, akatokea Fahali, amevaa rangi zao. Watoto wa upande ule walipiga kelele za furaha. Boay hakushangilia. Alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

Siku nne sikumaliza chakula. Nilimchotea mama maji bila kutumwa, nikamnyang'anya kuni mikononi, hadi akauliza kama ninaumwa. Siku ya tano, tukichambua maharage, nikamwambia yote. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Nani mwingine alisikia?"

"Boay."

"Kamwite."

Boay alikuja amenywea kama kuku aliyenyeshewa, shikamoo yake haikusikika vizuri. Mama alitupa maji tusukutue vinywa, tukayatema nje ya uzio, lile neno litoke nayo. Kisha akatuwekea mikono vichwani, tukasali Baba Yetu pamoja. Alipomaliza aliketi na kuuchukua tena ungo wake.

"Mama," nikauliza, "kampuni zile zinashindana kweli?"

"Wenye kampuni nadhani wanashindana. Kila mmoja anawataka watazamaji wa mwenzake. Lakini huyo Fahali wenu anatafuta riziki. Baba yako analima hapa Bashay, na ng'ombe wake wanalishwa kule Dirma kwa rafiki yake. Mmewahi kumwita msaliti?"

Boay alicheka, nami nikacheka, nikaamini yamekwisha. Majuma matatu baadaye mama alijifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Nilimshukuru Mungu kwa haraka ya kitoto, nikarudi kucheza.

Nilikuwa tayari na watoto wangu mwenyewe mama mdogo aliponisimulia yaliyofuata jioni ya siku ile tuliyosukutua vinywa. Mama alikwenda kwake, akafunga mlango. "Nikifa katika uzazi huu," alimwambia, "mwambieni kijana wangu kwamba damu ilizidi. Mtu yeyote asimtajie kiapo." Boay naye alikuwa ameitwa tena, peke yake, akaombwa hivyo hivyo. Kumbe ndiyo maana hajawahi kunitania kuhusu Fahali, yeye ambaye hunitania kwa kila kitu.

Nilidhani maji na sala vilimwondolea mama hofu, kama vilivyoniondolea mimi. Hapana. Aliogopa kuliko mimi, kwa kuwa alijua uzazi ni nini na neno ni nini. Namshukuru Mungu aliyemwacha hai nipate kumpigia magoti na kumwomba msamaha nikiwa na akili za mtu mzima. Siku ile niliuliza kama watu wa mbali wanachukiana kweli, na hatua moja mbele yangu mama alikuwa akichambua maharage na kujiandaa kufa bila kuniachia mzigo.