Concilie na Mchumba wa Ubelgiji

Mwaka 2003, mtu aliyetaka kujua ni nani mwenye cheo kweli mjini Bujumbura na ni nani anayejidai tu, angemuuliza Concilie. Alikuwa akipiga pasi katika duka moja la dobi pale Rohero, na kola za wakubwa wote zilipita mikononi mwake. Alimjua mkurugenzi mwenye shati moja la wiki nzima. Alimjua na mheshimiwa ambaye rangi ya mdomo iliyoganda kwenye kola yake haikuwa ya mkewe, kwa maana ya mkewe aliifahamu kutokana na mito ya kulalia. Ukishawafua wanaume kiasi hicho, hamu ya kuolewa nao hupungua, na Concilie alifika miaka thelathini na minne bila kumwosha hata mmoja kwa mapenzi.

Ndipo Valéry alipotokea. Hakuwa na kola yoyote iliyowahi kufika dukani, kwa sababu alikuwa Ubelgiji.

Walikutana kwenye kompyuta ya Massoudi, Mswahili wa Buyenzi aliyefungua chumba cha intaneti jirani na duka la dobi. Saa ya mapumziko ya mchana Concilie aliacha kula, akaenda kuandikiana na watu asiowajua kwenye ukumbi wa bure wa kutafuta wachumba. Massoudi alikuwa na kamera ndogo moja tu, nayo aliifunga kwa kamba kama mbuzi. Picha ya Valéry ilikuja kwa kurukaruka, bila sauti: mwanaume mwenye shingo nzuri, shati safi, na pazia la manjano nyuma yake. Concilie alilitazama shati kwanza. Lilikuwa limepigwa pasi vizuri, hata mikunjo ya mabega. Alikwisha.

Massoudi alikuwa na ushauri kwa kila mteja, ukiutaka au usiutake.

"Dada, usimupe mutu jina yako ya kweli. Usimwambie kwako ni wapi. Na kama anakuambia usiseme kwa mutu, we sema kwa watu kumi."

Concilie alicheka. Kuficha ndiyo kazi waliyoijua watu wote wa mji ule. Miaka kumi ya vita ilikuwa imewafundisha kwamba kumtajia mtu mtaa wako ni sawa na kumtajia kabila lako, na mtu akishalijua hilo, mengine anaweza kuyafanya mwenyewe. Kwa hiyo Concilie alimwambia Valéry anakaa Rohero, ilhali alikaa Kanyosha, chini ya vilima vya waasi, ambako alilala sakafuni kila risasi zilipoanza kuongea. Hatari aliijua vizuri. Ilikuwa na mlio na ilitoka juu mlimani. Mtu aliye Bruxelles, huko Ubelgiji, angekurushia nini?

Hapo ndipo alipopotea, na mwenye kumlaumu asimame tuone kama yeye hakuwahi kudhani hivyo.

Nyumbani alikaa na shangazi yake Daphrose, ambaye alimwita Masenge, kama Warundi wanavyomwita dada wa baba. Masenge alikuwa muuza mawese mwenye mdomo usiolipishwa kodi. Aliposikia kuna mchumba ndani ya kompyuta, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza swali moja.

"Umuranga yake ni nani?"

Umuranga ndiye mshenga wa Kirundi, ila kazi yake ni pana zaidi ya kupeleka posa. Anachimba. Anajua baba wa kijana alikufa kwa nini, mama anagombana na nani, na kama ukoo una wachawi au madeni. Bila umuranga, mwanaume ni mbuzi kwenye gunia.

"Masenge, siku hizi watu wanapendana wenyewe."

"Sawa. Basi unipeleke kwa hiyo kompyuta, mi nimuulize kilima cha babake, kwenye ukoo wao unatoka. Akiwa mutu, atajibu."

Concilie alimwandikia Valéry jambo hilo, akitumaini atacheka. Hakucheka. Aliandika kwamba mapenzi ni ya watu wawili, kwamba wakati wa vita wivu unaua kuliko bunduki, na kwamba asimwambie mtu yeyote. Kisha akaleta habari tamu. Jumamosi gari lingemchukua Concilie, peke yake, limpeleke kwa mama mzazi wa Valéry, nyuma ya maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda. Aje na pasipoti yake, ili mama aitume Ubelgiji kwa ajili ya viza.

Mama wa nani anakaa katikati ya maghala ya saruji? Mtu yeyote angeuliza. Concilie naye alijiuliza, akajijibu kwamba labda ni nyumba ya kampuni. Mapenzi yana majibu mengi. Akamficha Masenge habari ya Jumamosi, akapiga pasi gauni lake la bluu kwa makaa ya tajiri wake, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu vita vianze. Hilo nalisema wazi, kwa sababu baadaye watu walimcheka kana kwamba furaha ile ilikuwa upumbavu mtupu.

Alhamisi mchana alikuwa kwenye kiti chake kwa Massoudi. Valéry alikuwa akimweleza habari za theluji, jinsi inavyofunika magari mpaka mtu hajui lake ni lipi. Bomu likaanguka.

Lilitoka vilimani na kutua upande wa kusini, kwa kishindo kilichotikisa vioo. Chumba kizima kilishuka chini ya meza kwa wakati mmoja, bila kelele, kama watu wanaopiga magoti kanisani. Massoudi alishuka na chai yake mkononi na hakumwaga tone. Concilie alihesabu pumzi zake, akangoja la pili, halikuja. Akainuka, akapangusa magoti.

Kwenye skrini kulikuwa na kiti kitupu na pazia la manjano.

Alidhani Valéry ameangusha kalamu. Kisha kichwa kikaanza kupanda polepole kutoka chini ya meza, nywele, halafu paji, halafu macho yanayotazama dari, kama wanavyotazama dari wote waliozaliwa mji ule.

Vidole vya Concilie vikaandika kabla yeye hajafikiri, maana ndilo swali ambalo kila mtu alimuuliza kila mtu:

"Uko salama?"

Jibu likaja upesi, la mtu ambaye moyo bado unamdunda:

"Niko salama. Hiyo imeanguka Musaga, chini ya barabara. We uko muzima?"

Concilie alisoma mara mbili jina la mtaa ule wa kusini mwa mji. Baridi ilimpanda kutoka miguuni, ile theluji yote aliyokuwa akisimuliwa.

"Ukiwa Bruxelles," akaandika, "Musaga iko upande gani?"

Mwanaume alisoma. Akaitazama kamera.

"Jumamosi nani ananingoja kule?"

Sasa aligeuka nyuma, kuelekea mlango ambao kamera haikuuonyesha, kama mtu anayehakikisha hakuna anayemwangalia. Akageuka tena. Aliandika kwa kidole kimoja:

"Usikuye."

Picha ikakatika.

Watu walikuwa wamekwisha kurudi vitini, wanabishana kama bomu lile lilikuwa kubwa kuliko la juzi. Massoudi alipita akiuliza nani anaongeza muda. Mtu yule wa kwenye skrini alikuwa amemdanganya Concilie jina, mji, mama na theluji, kisha akamwambia neno moja la kweli, asije, na kwa neno hilo Concilie alikuwa hai. Angempata angempiga kwa pasi ya moto, na angempata angemshukuru. Alilia kwa hasira pale pale, mbele ya wateja, kisha akaondoka kazini mapema, akaenda Kanyosha kumwambia Masenge yote.

Masenge alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nilikuambia. Alimuuliza tu pasipoti iko wapi, na alipoonyeshwa, akaikalia.