Goti la Nani Hilo Kwenye Boti ya Bosi?

Admin, funika jina langu lakini bahati yangu usiifunike, iache watu waione. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mkenya, dereva wa familia moja ya Waingereza hapa Doha, pale The Pearl. Shule niliachia kidato cha pili, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Na kati ya madereva wote wa Qatar sijaona mwenye nyota kama yangu, maana nina mchumba ambaye mkimwona mtauliza huyu jamaa alitoa sadaka gani. Nitamwita Mwende. Ana miaka ishirini na tisa, ndiye mtunza nyumba wa mabosi wangu, na nilipomwomba tuoane alinikubali kabla sijamaliza kusema.

Sasa sikilizeni kinachoninyima usingizi, kwa sababu naona kama naibiwa mchana.

Joto lilipochachamaa mabosi waliamua kwenda kwao Uingereza, wazunguke pwani na boti yao ya injini mwezi mzima. Hawana haraka. Leo mji huu mdogo, kesho ule, nanga chini, chai juu. Na mbwa wao wawili, ambao, ndugu zangu, wana pasipoti. Mwende akachukuliwa aangalie mbwa na jikoni. Mimi nikaambiwa nimwagilie maua.

Picha zikaanza kuja kwa simu. Mwende na sweta, Mwende na samaki na chipsi, mbwa wamevalishwa majaketi ya kuelea kama mapolisi wa majini. Nikafurahi, nikazionyesha kila mtu. Halafu ikaja moja. Bruno, yule mbwa mkubwa, amelala nyuma ya boti, kidevu chake kimetulia juu ya goti la mtu. Mtu mwenyewe haonekani. Ni goti tu, suruali ya mvua ya manjano, na buti kubwa jeusi.

Mtasema goti ni goti. Hamumjui Bruno. Huyo ni mbwa wa kuokotwa, aliwahi kuteswa na mwanaume, na mpaka leo mwanaume yeyote kwake ni mshukiwa. Mimi ndiye humtembeza alfajiri kabla lami haijaanza kumchoma nyayo, na ilinichukua miezi minne ya vipande vya kuku kabla hajaniwekea hicho kidevu. Bosi mwenyewe hubwekewa akivaa kofia. Sasa ni nani huyo aliyepewa kidevu ndani ya wiki mbili? Anamlisha nini? Na kama amemlainisha Bruno, Mwende je?

Nikamwonyesha Wafula, askari wa lango, ninayeishi naye chumba kimoja huku Muaither. Akaivuta picha ikawa kubwa.

"Kaka, pole," akasema. "Hilo ni buti la kapteni."

"Hakuna kapteni, bosi anaendesha mwenyewe."

"Basi ni jirani wa boti. Wazungu wa majini wanasalimiana sana."

Nikamwambia achunge mdomo wake. Lakini nikaanza kupiga hesabu. Bruno hakojoi mahali anapolala hata umwombe kwa magoti, kwa hivyo kila asubuhi lazima mtu awavushe mbwa hadi ufukweni na kale kamashua ka mpira, kwa makasia. Bosi mgongo umemkatalia, kamba za viatu anafungiwa na madam. Madam ana kucha za kuogopa hata mlango wa gari. Mwende naye ni wa Makueni, bahari aliiona mara ya kwanza dirishani mwa ndege. Nani anapiga makasia?

Jana nikashindwa, nikapiga simu. Nikaanza na salamu, nikauliza hali ya mbwa, kisha nikauliza kwa ujanja, "Na huyo kaka anayewavusha, hajambo?"

"Kaka gani?"

"Mwenye buti."

Akacheka mpaka nikasikia mbwa wanabweka. "Wewe! Hilo goti ni langu. Madam alinipa suruali na buti za bosi, mvua ilikuwa inanyesha. Picha alipiga yeye madam. Na anayepiga makasia ni mimi, nilijifunza siku ya tatu. Uje uone mikono yangu."

Nikasema, "Mwende, hilo buti ni namba kumi na mbili."

Kicheko kikaisha. Akaniuliza polepole, si kwa hasira, "Kwani unaniuliza kama nani?"

Nikasema mtandao unakatika, nikakata mwenyewe.

Tangu hapo nusu yangu inamwamini na nusu bado inapima buti. Kuna sauti ilikohoa nyuma yake, nzito, na sijui kama ni ya bosi. Lakini tatizo limekua kuliko buti. Anarudi Alhamisi. Ijumaa, siku yetu ya kanisa huku Qatar, anakuja ibada Mesaimeer kama kawaida, na akina mama wa pale, niliowaringia mwenyewe kwa mdomo wangu huu, wameshanunua leso. Wanataka wakimwona tu wamfunge kiunoni, wapige vigelegele, wamwimbie bibi harusi mbele ya watu wote. Nimewaambia wangoje. Mama mmoja akanijibu, "Baba, aibu za nini? Kazi yako umemaliza, tuachie sisi."

Nishaurini jamani, nifanye nini? Nimpokee uwanja wa ndege nimweleze kabla ya Ijumaa, au nijifanye mgonjwa? Matusi yenu nayapokea, ila mnipe na jibu.

Kwa sababu Mwende si mchumba wangu. Hajawahi kunikubali. Sijawahi kumwambia chochote.