Nguo Nzima

Mke wangu alifariki miezi saba iliyopita. Wanangu wanataka niandike habari zake. Nitaandika moja tu, maana hiyo ndiyo iliyomfanya awe yeye.

Alikuwa fundi cherehani. Tulipokuwa na watoto watatu na chumba kimoja, kaka yake, dereva wa kiwanda cha mashati, alimpatia kazi pale. Mshahara wake wa mwezi ulizidi mapato yangu ya miezi mitatu ya kupaka rangi nyumba za watu. Nilishukuru. Cherehani yetu ya kukanyaga tukaifunika shuka, watoto wakaigeuza meza.

Mwaka ulipokwisha akaja na barua. Mimi sikujua kusoma, akanisomea. Wanamfanya msimamizi, na mshahara unapanda karibu mara mbili. Nikaanza kuwaza vyumba: viwili, hata vitatu. Yeye akaikunja barua.

"Baba watoto," akasema, "mwaka mzima nimeshona kola. Shati sijaliona."

Nikamuuliza kwani mashati yanakwenda wapi.

"Yanaunganishwa ghorofa ya pili. Huko sina ruhusa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia anataka kuacha, arudi kwenye cherehani yake, amshonee mtu anayemwona.

Sikumpa jibu zuri. Nilimwambia njaa haijui kola wala shati. Kaka yake akawa mkali kunizidi. Alimuuliza nani kamroga, na kama sindano imewahi kumjengea mtu nyumba. Tulimkalia kooni siku tatu. Siku ya nne akakata shauri: tumpe mwaka. Akishindwa, atarudi kwenye kola na hatutamsikia akilalamika tena. Nikakubali kwa shingo upande.

Miezi mitano alitia viraka na kupunguza suruali. Chumba ni kile kile. Mtoto wa pili akavaa viatu vya wa kwanza, wa tatu akasubiri. Jioni nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki, naye alijua kwamba nahesabu.

Mwezi wa sita akaja mwalimu wa shule ya jirani. Bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia, tangu kuzaliwa. Kila koti alilovaa lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari mmoja. Alitaka la kuvaa siku atakayokabidhiwa shule awe mwalimu mkuu.

Mke wangu hakushika futi. Alimzunguka mara mbili. Akamwambia ainue mkono kama anayeandika ubaoni, kisha abebe mkoba wake, kisha akae. Mwalimu akauliza kama amekuja kwa fundi au kwa daktari.

Koti lile alilikata, akalifumua, akalikata tena. Upande wa kushoto aliweka tabaka tano za kitambaa chini ya bitana, kila moja fupi kuliko ya chini yake, ili bega lipande taratibu bila kufanya nundu. Kwapa la kulia akalipandisha, mkono ukiinuka koti lisiufuate. Wiki mbili. Nilikula sahani ikiwa magotini, maana meza ilisharudi kuwa cherehani.

Mwalimu alilivaa, akasimama mbele ya kioo. Akageuka upande huu, akageuka ule. Akainua mkono. Koti likatulia.

"Fundi," akasema polepole, "kumbe mimi ni mrefu."

Baada ya sherehe yake walikuja walimu saba. Mabega yao yamenyooka kama rula, na kila mmoja anaapa kwamba lake lina kasoro. Akaja mama mwenye ujauzito. Akaja mzee wa mkono mmoja. Nikaacha kuhesabu miezi.

Mwaka ulipotimia akaja kaka yake. Nafasi ya msimamizi ipo wazi tena, bosi amemuulizia. Alikuta watu sita kwenye benchi. Mke wangu, pini mdomoni, akamwonyesha kwa kidole mwisho wa foleni. Shemeji akakaa. Zamu yake ilipofika ndipo akautoa ujumbe.

"Kaka, mwambie asante," alijibu. "Na akitaka shati linalomkaa, aje apimwe."

Shemeji akakuna kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kitambi chake nacho kinapimika. Nilitoka nje kucheka.

Wiki ile tukapanga chumba cha pili, chenye mlango wa barabarani. Alichora herufi ukutani kwa chaki, mimi nikazijaza rangi nyekundu bila kujua naandika nini. Nilipomaliza akanisomea: FUNDI. NGUO NZIMA. Wapita njia wengine walidhani hatupokei zilizochanika. Alikataa kubadilisha. Herufi zile, kumi ukiacha zinazojirudia, ndizo za kwanza nilizozijua. Nyingine alinifundisha baadaye.

Alishona pale miaka thelathini na mmoja. Kola alishona nyingi, ila kila moja aliijua inakwenda shingoni mwa nani.

Mwezi uliopita nilipanda ngazi, nikazipaka zile herufi upya. Nikazisoma kwa sauti, ndipo nikashuka.