Majina Yaliyorudi

Mke wa fundi maabara mmoja bado anakiita kiti chao cha jikoni kiti cha kazi, ingawa kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Kwa miaka kumi na tano, kila Jumapili mchana, fundi maabara yule alikaa hapo na kompyuta yake akirekebisha hifadhidata, programu ya kutunza kumbukumbu ambayo yeye na wenzake wa kujitolea waliigawa bure kwa yeyote aliyeitaka. Aliandika kwa vidole viwili, huku akiibembeleza: "Haya bibie, nieleze, umekwama wapi?" Mkewe aliwaambia wageni kwamba bibie huyo ndiye mke mwenzake. Wenzake wa kujitolea, fundi aliwajua kwa barua pepe tu. Watumiaji hakuwajua kabisa.

Jumapili moja simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya mbali, aliyeikuta namba yake kwenye maelezo ya programu. Umeme ulikuwa umekatika ghafla, na sasa orodha ya chanjo za watoto haionekani.

"Usifute kitu, dada. Andika ninavyokutajia, herufi kwa herufi."

Wakahangaika saa nzima. Mara muuguzi akapiga kelele. "Yamerudi! Majina yamerudi, kaka!"

"Nisomee."

"Yote?"

"Yote, kama una nafasi."

Akasomewa jina baada ya jina, na tarehe ya kila sindano, naye akiitikia "ehe, ehe" kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu zake. Mkewe akazima jiko, akavuta kiti, akakaa kusikiliza pamoja naye.